Asubuhi moja Wat Pho: mwongozo kamili kwa anayeingia hekalu la Wabuddha mara ya kwanza

Wanaokwenda Bangkok kufunga mzigo kutoka Kariakoo na Eastleigh wanaijua Pratunam, mtaa wa nguo za jumla, kichochoro kwa kichochoro. Wanajua nani ana bei ya jumla ya kweli na nani anachanganya nguo mbovu katikati ya robota. Lakini wengi wanarudi nyumbani bila kuuona mji wenyewe. Nami nilikuwa hivyo hivyo safari tatu za mwanzo. Safari ya nne mzigo ulichelewa siku moja kwa wakala, nikajikuta sina shughuli, nikaenda Wat Pho. Tangu hapo kila nikifika Bangkok natenga asubuhi moja kwa ajili ya hekalu hili, na nimeshawapeleka ndugu na wateja wangu kadhaa. Maswali wanayouliza ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa kwa mpangilio wa siku yenyewe, kuanzia unapochagua nguo hotelini.

Jambo moja ulijue kabla ya yote. Wageni wengi huingia Wat Pho, hupiga picha sanamu kubwa ya Buddha aliyelala, na baada ya dakika ishirini wako nje wanatafuta bajaji. Wanakosa hekalu karibu lote. Wat Pho ilijengwa iwe mahali pa ibada na shule kwa pamoja. Mji mkuu wa zamani wa Wathai, Ayutthaya, ulichomwa na jeshi la Waburma mwaka 1767, na pamoja na majumba yaliteketea maandiko, vitabu vya tiba, mashairi na kumbukumbu za karne nyingi. Mfalme Rama wa Kwanza alipoanzisha Bangkok alilijenga upya hekalu la zamani lililokuwapo hapa, kazi iliyoanza 1788 na kumalizika 1801. Mjukuu wake, Rama wa Tatu, akaenda mbali zaidi. Kati ya 1831 na 1841 alikusanya wajuzi wa kila fani na kuwaagiza waandike wanachokijua juu ya mawe, wayabandike ukutani na kwenye nguzo ili yeyote ajuaye kusoma asome bure. Tiba, ukandaji mwili, ushairi, historia, mafundisho ya dini. Ziko bamba zaidi ya 1,400, na UNESCO imeziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Ukitembea humo ukijua kwamba watu hawa walishapoteza maktaba yao kwa moto, na wakaamua safari hii kuandika juu ya kitu kisichoungua, kila ukuta unakuwa na maana nyingine.

Kwanza: siku na saa

Hekalu hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa moja na nusu usiku. Hapo naomba nieleze kitu kilichonifurahisha sana: Wathai, wakizungumza kienyeji, saa 19:00 ya Wazungu wao huiita saa ya kwanza ya usiku, na inayofuata ya pili, kama sisi kabisa. Mwenyeji akikutajia saa za usiku kwa Kithai, kuanzia ya kwanza hadi ya tano, hesabu yako ya Kiswahili haikosei. Kwenye tiketi na mabango lakini wanaandika saa za kimataifa, kwa hiyo 8:00 ni saa mbili asubuhi na 19:30 ni saa moja na nusu usiku.

Fika saa mbili kamili, kabla mabasi ya watalii hayajashusha. Kuna sababu ya pili: jua. Bangkok ina joto la Dar es Salaam la mwezi wa pili, karibu mwaka mzima, na ua la hekalu limetandikwa mawe yanayorudisha joto usoni. Kufika saa tano nyayo zinaungua kila ukivua viatu. Miezi ya Novemba hadi Februari ndiyo yenye nafuu. Aprili ni kali mno, na katikati ya mwezi huo, tarehe 13 hadi 15, kuna sikukuu ya mwaka mpya wa Kithai, Songkran, watu wanamwagiana maji barabarani. Ni raha, lakini si siku ya kutembea na simu mkononi.

Kama ndiyo unapanga safari kutoka nyumbani, mambo mawili ya mpakani yasikuponyoke. Thailand inawadai wasafiri wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Na tangu Mei 2025 kila mgeni hujaza fomu ya kuwasili kwa njia ya mtandao ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Fomu hiyo ni bure. Ukiona tovuti inayodai malipo, toka.

Mavazi: beba khanga

Sharti ni mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake. Blauzi ya mikono mifupi inakubalika, singlendi haikubaliki. Suruali ndefu au sketi inayopita magoti ni salama. Kaptura, suruali zilizochanwa magotini na nguo zinazoonyesha mwili zitakurudisha mlangoni. Wageni kutoka Ulaya utawaona wamejipanga nje wakinunua suruali nyepesi zenye picha za tembo kwa sababu walikuja na kaptura.

Sisi hatuna haja hiyo. Khanga moja kwenye mkoba inakutosha kwa kila kitu. Ukijifunga kiunoni unakuwa na sketi. Ukiitupia mabegani umefunika mikono. Nikikaa sakafuni hunifunika miguu, na jua likizidi huwa mwamvuli. Safari moja mlinzi wa mlango, mama mtu mzima, aliishika pindo ya khanga yangu na kunionyesha maandishi kwa kidole, akitaka kujua yamesema nini. Nikajaribu kumweleza kwa ishara kwamba ni maneno ya kumwambia mtu bila kufungua mdomo. Akacheka, akamwita mwenzake aje aone. Mwanaume naye kikoi kinamtosha, alimradi ajifunge vizuri kifike chini ya magoti.

Buibui na hijabu ni nguo ya heshima na hakuna anayezikataa. Kofia ya kawaida, kapelo na miwani ya jua uvue ukiingia ndani ya kumbi.

Viatu ni jambo la kufikiria kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu utavivua na kuvivaa mara tano au sita. Ndala, makubazi au viatu vya kuchomeka. Raba za kamba zitakuchosha. Kama miguu yako haivumilii sakafu ya watu wengi, beba soksi.

Kufika

Wanawake wengi wa biashara wanalala Pratunam, na wanaokuja kwa matibabu wanakaa upande wa Nana, Sukhumvit. Kutoka Nana ni rahisi: treni ya juu kituo kimoja hadi Asok, shuka, ingia treni ya chini ya ardhi kituo cha Sukhumvit, upande wa kwenda Hua Lamphong na Lak Song. Husemi neno wala hubadili treni tena hadi Sanam Chai. Kituo hicho kilifunguliwa 2019 na chenyewe ni cha kutazama, kina nguzo na dari zilizopambwa mithili ya ukumbi wa kifalme. Toka kwa mlango namba 1, tembea upande wa kaskazini kama dakika tano, na utaziona ncha za minara.

Njia ninayoipenda mimi ni ya mto. Panda treni ya juu hadi Saphan Taksin, teremka kwenye gati ya Sathorn chini ya daraja, chukua boti yenye bendera ya chungwa. Ni boti ya wananchi, nauli yake ni ndogo sana ukilinganisha na boti za watalii zilizopangwa pembeni yake, na inakushusha Tha Tien, mkabala na hekalu. Upepo wa mto asubuhi, watoto wa shule, wafanyakazi, mtawa mmoja au wawili wamesimama nyuma kwenye sehemu yao. Sehemu hiyo usisimame wewe.

Mtu mwenye shati safi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu imenikuta mwenyewe. Ukikaribia hekalu, mara nyingi ukutani kabla hujaufikia mlango, atatokea mtu nadhifu, Kiingereza chake kizuri, pengine amevaa kitambulisho shingoni. Atakusalimu kwa adabu, atakuuliza umetoka nchi gani, atakuambia kwa masikitiko kwamba leo kuna ibada ya watawa, hekalu limefungwa hadi mchana. Lakini usijali. Kuna Buddha mwingine mzuri zaidi, kuna bajaji hapa itakuzungusha saa nzima kwa baht (fedha ya Kithai) 20 au 40 tu.

Mimi niliingia. Nilipelekwa hekalu dogo, kisha duka la nguo za kushona, kisha duka la vito ambako kijana alinieleza kuwa leo ndiyo siku ya mwisho serikali imeondoa kodi. Akanitolea jiwe la bluu kwenye karatasi nyeupe na kuniambia ni tanzanite. Mimi, Mtanzania. Nikamuuliza linachimbwa wapi, akasema Afrika Kusini. Tanzanite inachimbwa Mererani peke yake, duniani kote hakuna pengine, na hilo ndilo lililoniokoa siku ile. Wengine hawakubahatika. Watu hulipa fedha nyingi kwa mawe ambayo wakiyapima nyumbani hayana thamani hiyo.

Dawa yake ni moja: usibishane, usieleze, mshukuru na uendelee kutembea hadi dirisha la tiketi. Kama limefungwa, utaliona limefungwa. Hekalu hili hufunguliwa kila siku, pamoja na sikukuu. Bajaji za Bangkok si mbaya kwa safari fupi, lakini wewe ndiye unayemwita dereva, mnapatana bei kabla ya kupanda, na mnakwenda moja kwa moja.

Tiketi kwa mgeni ni baht 300 tangu mwanzo wa 2024, kabla ya hapo ilikuwa 200. Watoto walio chini ya sentimita 120 hawalipi. Weka fedha taslimu ndogondogo. Tiketi inakupa na chupa ya maji, usiitupe kabla hujaichukua.

Adabu ya mwili

Kwa Wathai kichwa ndicho kiungo kitukufu na nyayo ndizo duni. Ukishika hilo, mengine yanajieleza. Hugusi kichwa cha mtu, hata cha mtoto mzuri namna gani. Hunyooshi miguu kuielekeza kwenye sanamu, wala kwa mtawa, wala kwa mtu. Ukikaa sakafuni, kunja miguu pembeni nyayo zikitazama nyuma. Ndivyo wanawake wetu wanavyokaa mkekani, hutapata shida.

Kizingiti cha mlango kinarukwa, hakikanyagwi. Sanamu hazipandwi, hazikumbatiwi, hazikaliwi mapajani kwa ajili ya picha. Ukitaka picha, simama pembeni na si mbele ya anayeabudu. Na picha ya mfalme, hata ile iliyo kwenye noti, usiifanyie mzaha wala kuikanyaga. Sheria ya nchi ile juu ya heshima ya mfalme ni kali na ina kifungo.

Mtawa, yule mwenye joho la rangi ya chungwa au kahawia, haguswi na mwanamke wala hapokei kitu kutoka mkononi mwa mwanamke moja kwa moja. Dada, ukiwa na cha kumpa, kiweke mezani au kwenye kitambaa atakachotandika. Ukipishana naye kwenye njia nyembamba, mpishe. Si dharau kwako. Ni kiapo chake yeye. Kwa salamu, Wathai hukutanisha viganja kifuani na kuinama kidogo. Mwanamke husema *sawatdi kha*, mwanaume *sawatdi khrap*. Asante ni *khop khun kha* au *khop khun khrap*. Ukimwanza mtu mzima kwa salamu hiyo uso wake unafunguka.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la imani: Mwislamu au Mkristo anaingia? Mimi ni Mwislamu na naingia. Hakuna anayekulazimisha kuwasha udi, kusujudu wala kukutanisha viganja. Unavua viatu, unanyamaza, unatazama. Wapo ndugu zangu wasiotaka kuingia kwenye kumbi zenye sanamu na hilo naliheshimu. Hao wamekaa uani wakasoma minara na bustani, na hawakujuta kulipa tiketi.

Buddha aliyelala

Anza naye, kwa sababu saa tatu na nusu ukumbi wake umejaa. Yuko kona ya kaskazini-magharibi. Vua viatu, vitie kwenye mfuko wanaokupa mlangoni, uvibebe, maana utatokea upande mwingine.

Unaingia upande wa kichwa, na kwanza huoni umbo. Unaona dhahabu kati ya nguzo: kipande cha shavu, sikio, mkono. Ana urefu wa mita 46, karibu mabasi manne ya mikoani yakipangwa mkia kwa pua, na kimo cha mita 15. Ukumbi umembana kiasi kwamba hakuna mahali unapoweza kusimama ukamwona mzima. Ndani ni matofali na lipu, nje amepakwa dhahabu. Aliwekwa hapa 1832, wakati wa Rama wa Tatu. Amelala kwa ubavu wa kulia, mkono umeegemeza kichwa, macho yamefumba nusu. Hajapumzika kwa uchovu. Ni Buddha katika saa zake za mwisho, huko Kushinagar, India, alipokuwa akiiaga dunia, na Wabuddha wanaamini kwamba hapo aliingia katika utulivu usio na kuzaliwa tena.

Tembea taratibu hadi miguuni. Usiikimbie miguu. Nyayo zimesimama kama ukuta mrefu kuliko mtu, na vidole vyote vina urefu mmoja, ambayo ni mojawapo ya alama za Buddha katika mapokeo yao. Kila unyayo ni mweusi uliotiwa nakshi za ganda la chaza, lile linalong'aa kama lulu, na nakshi zimegawanywa katika vyumba vidogo 108 kuzunguka duara la katikati: tembo, maua, majumba, samaki, milima. Sogea pembeni hatua mbili na mng'ao unahama kutoka waridi kwenda kijani. Mara yangu ya kwanza hekaluni nilikaa hapo nikihesabu wanyama mpaka mlinzi akanitabasamia.

Ukizunguka miguu unarudi kwa mgongoni, na hapo utasikia kabla hujaona. Ti, ti, ti, ti. Ukutani zimepangwa bakuli 108 za shaba. Waumini wananunua kikopo cha sarafu ndogondogo, baht 20, na kudondosha moja moja katika kila bakuli wakiomba heri. Fedha huenda kwenye matunzo ya hekalu. Kama imani yako haikuruhusu, simama tu usikilize. Sauti ile imeujaza ukumbi mzima na haikomi.

Uani, ambako wengi hawafiki

Ukitoka, usielekee mlangoni. Nenda kusini na mashariki, na kuanzia hapa usiwe na haraka.

Kwanza utakutana na minara minne mikubwa, chedi wanaiita, kila mmoja una mita 42 na umevikwa vigae vya kauri kuanzia chini hadi juu. Wa kijani ni wa Rama wa Kwanza. Ndani yake yamehifadhiwa mabaki ya sanamu ya Phra Si Sanphet iliyoharibiwa Ayutthaya ilipochomwa. Hakutaka kuyatupa, akayajengea mnara. Mweupe ni wa Rama wa Pili, wa njano wa Rama wa Tatu, wa bluu wa Rama wa Nne. Tazama maua ya kauri kwa karibu. Mtu wa pwani atakumbuka makaburi ya Kunduchi yenye sahani za Kichina zilizopachikwa kwenye nguzo. Watu wawili waliokuwa mbali sana waliona uzuri wa kauri, na wote wakaona pa kuiweka ni pale wanapoweka kumbukumbu ya wakubwa wao.

Milangoni wamesimama walinzi wa mawe, warefu, wenye ndevu na nyuso za Kichina, wengine wamevaa kofia ndefu za Kizungu. Hawa walikuja kama farumi. Majahazi ya Siam, jina la zamani la Thailand, yalipeleka mchele China, yakarudi na bidhaa nyepesi, hariri na kauri, na ili yasipinduke yakatiwa mawe mazito tumboni. Badala ya mawe matupu wakapakia sanamu.

Sasa tafuta mawe yenyewe ya shule. Kuna mabanda ya wazi yenye bamba ukutani, na kwenye baadhi utaona mwili wa binadamu umechorwa mbele na nyuma, mistari ikitoka kitovuni kwenda kila upande, na alama ndogo kwenye kila kituo, kila alama na maelezo yake pembeni. Hii ndiyo ramani ya ukandaji wa Kithai. Karibu yake, kwenye kilima kidogo cha mawe kilichopandwa miti, kuna sanamu za wazee wenye ndevu waliojikunja kwa namna za ajabu: mmoja ameshika mguu wake nyuma ya mgongo, mwingine anajikanda bega. Ni wahenga wanaofundisha kunyoosha viungo. Wagonjwa wasiojua kusoma waliweza kuwaiga kwa kuwatazama. Ninapofika hapo huwa nasimama muda mrefu kuliko penginepo pote. Mganga wa kwetu alikwenda na elimu yake kaburini kama hakumpata mwanawe wa kumrithi, na hapa mfalme aliwaambia waganga wake: andikeni ukutani, kila mtu aone.

Elimu hiyo haikulala. Mwaka 1955 shule ya tiba na ukandaji ilianzishwa hapa hekaluni na mpaka leo inafundisha. Ukandaji wa Kithai uliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia usioshikika mwaka 2019. Upande wa mashariki wa ua kuna nyumba ya kukandwa; bei zimebandikwa, jiandikishe mapema kwa sababu foleni inakua. Unakandwa ukiwa umevaa nguo zako au za kwao, bila mafuta. Mwambie anayekukanda kama una presha, ujauzito au jeraha, na usione haya kumwambia apunguze nguvu. Mikono yao ni mizito.

Ukumbi mkuu

Uko katikati ya upande wa mashariki, umezungukwa na veranda mbili zenye safu za Buddha wa dhahabu waliokaa, karibu 400, wengi wao walikusanywa kutoka mahekalu yaliyobomoka ya kaskazini na ya Ayutthaya. Wapite polepole. Chini ya ukuta wa ukumbi kuna bamba 152 za marumaru zilizochongwa hadithi ya kale ya shujaa Rama, si wale wafalme, zikiwa na majeshi ya nyani na mapigano ya magari ya farasi. Chuchumaa uzione, ziko usawa wa magoti.

Ndani, kwenye jukwaa la ngazi kadhaa, amekaa Buddha mkuu wa hekalu, na chini yake yamewekwa majivu ya Rama wa Kwanza. Kaa sakafuni. Hata dakika kumi. Hapa ni baridi, kuna harufu ya udi na maua ya yungiyungi, na ukibahatika watawa watakuwa wakisoma dua kwa Kipali, lugha ya maandiko yao, sauti moja nzito isiyopanda wala kushuka. Simu iwe kimya kabisa. Kupiga picha kunaruhusiwa hapa, bila mwanga wa kumulika, lakini nakuomba upige moja kisha uiweke.

Ununuzi na chakula

Usinunue kichwa cha Buddha cha kupamba sebule. Kwao hilo ni tusi, na uwanja wa ndege wameweka mabango makubwa kulisema hilo. Zaidi ya hapo, kutoa sanamu ya Buddha nchini kunahitaji kibali cha Idara ya Sanaa, na forodha wanaweza kukunyang'anya. Mafuta ya kuchua na dawa za mitishamba ni zawadi bora kwa mama nyumbani.

Kwa wanaotafuta halali, pembeni ya hekalu si pa kutegemea. Kula asubuhi kabla ya kutoka au subiri. Mtaa wa Phetchaburi Soi 7, karibu na kituo cha Ratchathewi, una msikiti wa Darul Aman na vibanda vya chakula cha Waislamu wa Kithai, na kutoka hapo Pratunam ni mwendo wa miguu. Banglamphu, kaskazini ya hekalu, nako kuna msikiti wa Chakrabongse kwa anayetaka kuwahi adhuhuri.

Ukiwa na siku nzima

Kasri la mfalme liko jirani, na ndani yake hekalu la Wat Phra Kaew lenye Buddha wa jiwe la kijani, mdogo tu, sentimita 66, anayebadilishwa mavazi ya dhahabu mara tatu kwa mwaka kufuata majira. Tiketi ni baht 500, wanafungua saa mbili na nusu asubuhi na mwisho wa kuingia ni saa tisa na nusu alasiri. Ukaguzi wa mavazi kule ni mkali zaidi na kupiga picha ndani ya ukumbi ni marufuku. Usiyaweke mawili haya asubuhi moja pamoja na ununuzi. Utachoka na hutakumbuka kitu.

Mimi huchagua kuvuka mto. Rudi gati ya Tha Tien, lipa sarafu chache za kivuko, na dakika chache tu uko Wat Arun, mnara uliopambwa vipande vya sahani za Kichina kutoka shina hadi ncha. Tiketi yake ni baht 200. Wakati unasubiri kivuko tazama pale uliposimama. Wenyeji wanasema palikuwa na miti, mpaka jitu la Wat Pho lilipokwenda kukopa fedha kwa jitu la Wat Arun na kukataa kulipa. Mwenye deni na mwenye kudai wakapigana hapa gatini, wakakanyaga kila kitu, pakabaki peupe. Ndiyo maana pakaitwa Tha Tien, gati iliyofyekwa. Jitu la Wat Arun utalikuta ng'ambo, limesimama mlangoni na rungu lake, linatazama mto.